Picha Inayofuata Ngoma

Katika lugha yetu neno "kufuata" limebebeshwa kazi nyingi. Mtoto humfuata mama yake sokoni Mbuyuni, muumini humfuata Kristo, maji hufuata mfongo, mwanafunzi hufuata mfano wa mwalimu, na mchezaji hufuata ngoma. Kwa kuwa neno ni moja, tunadhani na jambo ni moja. Mimi niliyefanya kazi ya ualimu, na baadaye nikaongoza chuo cha kuwafunza walimu wengine, nimeishi na neno hili kama mkulima anavyoishi na jembe lake. Maana mwalimu ni nani kama si mtu anayelipwa mshahara ili afuatwe? Katika uzee wangu neno hili limerudi kunisumbua kwa ajili ya waya mweusi wenye pini tano nchani, ambao kijana mmoja wa usharika wetu aliuchomeka nyuma ya kinanda cha kanisa.

Waya huo ni wa MIDI. Msomaji asitishike na herufi hizo nne. Ni jina la lugha ambayo vyombo vya muziki vya umeme huitumia kuzungumza. Ilionyeshwa hadharani Januari 1983, katika maonyesho ya wafanyabiashara wa vyombo vya muziki huko California, Marekani. Vinanda viwili vya makampuni yaliyokuwa yakishindana, Prophet-600 cha Sequential Circuits na Jupiter-6 cha Roland ya Japani, viliunganishwa kwa waya. Mtu akabonyeza kimoja, na kingine kikaitika. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, waliokuwa mstari wa mbele kuipigania lugha hiyo, walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Mimi nawaheshimu zaidi kwa jambo jingine: lugha hiyo iliachwa itumiwe na kila mtengenezaji bila malipo. Sisi tulioona tundu za kuchajia simu zikibadilika kila baada ya miaka michache tunajua thamani ya uungwana huo.

La kuelewa kabla ya yote ni kwamba waya wa MIDI haubebi sauti. Watu wa mlimani tutalielewa hili kwa mfano wa mfongo. Mfongo huleta maji yenyewe hadi kihambani. Unachochota hapo ni maji yaleyale yaliyotoka juu msituni. Waya wa kipaza sauti uko hivyo, huleta sauti yenyewe. Lakini waya wa MIDI ni kama mtoto aliyetumwa na jirani wa juu kuja kusema, "Babu anasema maji yamefunguliwa, na ni mengi." Mtoto huyo hana hata tone moja mkononi. Ana habari tu. Na habari za MIDI ni namba: ufunguo gani umebonyezwa, kati ya 0 na 127, ambapo do ya katikati ya kinanda ni 60; umebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, nayo hupimwa hadi 127; kisha, ufunguo umeachiwa. Habari ya noti moja hupita kwenye waya kwa takriban sehemu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna mtoto wa kutumwa mwenye mbio hizo.

Na kwa kuwa kinachofika ni habari wala si sauti, anayeipokea si lazima awe kinanda. Anaweza kuwa taa ya jukwaani. Anaweza kuwa kompyuta yenye picha ndani yake. Ukiiambia kompyuta kwamba namba 60 ikifika ndege wa kwenye picha apae, na kwamba upana wa mabawa yake ulingane na nguvu ya pigo, basi mpiga kinanda atakuwa anarusha ndege kwa vidole. Picha hizo zinazosogea tumezoea kuziita katuni. Wataalamu wa Kiswahili huita kazi hiyo uhuishaji. Neno hilo ni zito. Kuhuisha ni kutia uhai, na mchungaji wetu aliposikia kwamba vijana wanataka kufanya uhuishaji kanisani alicheka, akasema kazi hiyo alidhani ina mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Kwaya ya vijana ilikuwa inajiandaa kwa Desemba, wakati Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo, na makanisa ya mlimani yanajaa mpaka nje. Walitaka waimbe huku ukutani, nyuma yao, kukionekana Kibo na Mawenzi, migomba, na watu wa katuni wakicheza. Na watu hao wacheze kwa kinanda chetu na ngoma yetu wenyewe. Sikuona sababu ya kupinga. Makanisa ya huku yamepokea mengi. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 walikuta watu wenye nyimbo na michezo yao. Wakaleta nyimbo za Kijerumani, na mapokeo ya tarumbeta za shaba yakaja baadaye, hata leo mazishi ya mzee wa Kilutheri bila tarumbeta huonekana yamepungukiwa. Ngoma ilitiliwa shaka na wamisionari wengi, lakini nayo hatimaye iliingia. Kama ngoma iliingia, picha ya migomba ingezuiwa kwa hoja gani?

Mpiga ngoma wetu ni mzee wa rika langu. Sote tunamwita Meku, kama wazee wanavyoitwa huku kwetu. Alipoonyeshwa ukutani mtu wa katuni akitingisha mabega kila ufunguo wa kinanda ulipobonyezwa, alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwambia kijana, "Huyu hachezi. Huyu anatii." Kijana akajibu kwa heshima, "Lakini Meku, si ndiyo kucheza kwenyewe? Muziki ukilia, yeye anasogea." Mzee akatikisa kichwa akanigeukia mimi, kana kwamba mwalimu aliyestaafu bado anatembea na majibu ya mtihani mfukoni.

Swali si dogo. Kama kucheza ni kusogea muziki unapolia, basi kijana yuko sahihi, na mtu wa ukutani ni mchezaji hodari kuliko sisi sote, kwa kuwa hachoki wala hasahau. Kama kucheza ni zaidi ya hapo, inatupasa tuseme hicho cha zaidi ni nini. Haitoshi kunung'unika kwamba mashine haina roho. Kusema "haina roho" ni kufunga mlango wa darasa kabla somo halijaanza.

Nilianza na kijana mwenyewe, akanionyesha kazi za waliomtangulia. Kuunganisha picha na muziki si jambo geni. Walt Disney alitoa filamu ya Fantasia mwaka 1940, ambamo wachoraji walichora picha moja baada ya nyingine ili zilingane na muziki wa okestra. Lakini kilichonishika ni kazi ya Mmarekani Wayne Lytle, ambaye kampuni yake ya Animusic ilitoa mwaka 2001 mkusanyo wa video ambazo picha zake huendeshwa na habari za MIDI. Katika moja yake, iitwayo Pipe Dream, mipira midogo hurushwa kutoka kwenye mabomba na kuangukia ngoma, nyuzi na vibao vya marimba, na kila mpira unapotua ndipo noti inapolia. Hakuna mpira unaokosea. Wajukuu waliomba waione mara tatu, na babu yao hakuwazuia.

Hebu tuutafakari mpira huo. Ili utue ngomani wakati uleule wa noti, lazima uwe umetoka bombani kabla ya noti kulia. Ulijuaje? Ulijua kwa sababu wimbo wote, tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, ulikuwa umekwisha andikwa ndani ya kompyuta. Programu ilisoma mbele, ikaiona noti itakayolia punde, ikahesabu kurudi nyuma. Kwa mpira ule hakuna kesho. Kila kitu kimekwisha tokea. Ni kama mwanafunzi aliyepewa majibu usiku wa kuamkia mtihani: atapata mia kwa mia, na wala hatutajua anajua nini.

Sasa tuuondoe mpira huo katika wimbo ulioandikwa, tuulete mbele ya Meku na ngoma yake. Kompyuta haiwezi tena kusoma mbele, maana mbele hakuna kilichoandikwa. Meku mwenyewe bado hajaamua. Picha inabakiwa na njia moja, kungoja pigo lifike ndipo isogee. Waya una kasi, lakini kompyuta inahitaji muda wa kuchora. Picha za sinema huenda 24 kwa sekunde, kwa hiyo hata picha yenyewe ina zamu ya kungoja, na projekta nayo ina uvivu wake. Ucheleweshaji ukikaribia sehemu ya kumi ya sekunde hata mtoto anauona: ngoma imekwisha lia, bega la katuni ndiyo kwanza linapanda.

Na mchezaji wa nyama na damu je? Tumezoea kusema anafuata ngoma. Si kweli, na jambo hili linapimika. Mtu akingoja mlio usikike ndipo aanze kusogea, hupita zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kati ya sikio na mguu. Kama kina mama wetu wangecheza kwa kungoja, kila mguu ungetua baada ya ngoma, tukawaona kama watu wanaokimbilia basi la Himo lililokwisha ondoka. Lakini mguu hutua pamoja na ngoma. Maana yake ulianza kushuka kabla ngoma haijalia. Wanasaikolojia waliowapima watu wakigonga kidole pamoja na mlio wa mashine ya kuhesabu mapigo waliona jambo la kuchekesha: kwa kawaida kidole hakichelewi, hutangulia mlio kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na mwenyewe hana habari. Basi mchezaji hafuati ngoma. Anaitangulia, akiamini kwamba itamkuta pale anapoitazamia. Sisi Walutheri tuna neno kwa jambo hilo, ila sitaki kuigeuza insha hii mahubiri.

Hapo niliona alichokiona Meku. Mtu wa ukutani hakuthubutu kitu. Alisogea akiwa ameambiwa tayari, na aliyeambiwa tayari hawezi kuaibika. Mguu unaoshuka kabla ya ngoma unaweza kuaibika: mpiga ngoma akibadili shauri, mguu utagonga ardhi peke yake katika kimya, na watu watacheka. Mchezaji anaikubali hatari hiyo kila pigo, jioni nzima. Na mpiga ngoma naye anamtegemea. Anaitazama ile miguu iliyo hewani, anajua itashuka lini, anailetea pigo. Ukiuliza nani anamfuata nani hupati jibu. Wazee wetu waliovaa njuga miguuni walilifuta kabisa swali hilo, kwa maana mguu wao ndio uliokuwa chombo. Kusogea na kulia vilikuwa tendo moja. Mashine za leo zinahangaika kukiunganisha kwa waya kitu ambacho kengele chache za chuma zilikiunganisha kwenye kifundo cha mguu.

Nasikia swali la msomaji kijana: je, programu haiwezi kukisia? Inaweza. Zipo zinazopima mapigo yaliyopita, zikakisia lijalo, zikaanza kuchora mapema. Siwezi kuzidharau, kwa sababu kwa kiasi hicho zinafanya afanyacho mchezaji. Zinakosea pia, kama yeye. Lakini programu ikikosea haipotezi kitu. Haina uso wa kuficha kwa kiganja, wala jirani wa kumcheka wakati wa kurudi nyumbani. Labda mtu atasema aibu si sehemu ya muziki. Nadhani ni sehemu kubwa.

Kijana alileta njia mbili mbele ya kamati ya kwaya, nami nikaitwa kama mzee. Njia ya kwanza: kasi ya wimbo iwekwe mapema na saa ya kompyuta, ambayo katika MIDI hutoa ishara 24 kwa kila noti ya robo. Kinanda na picha viandikwe ndani, picha ziwe safi kama za Lytle, na Meku avae spika za masikioni ausikie mlio wa kuhesabu, apige juu yake. Njia ya pili: wapigaji waendeshe kila kitu papo hapo, picha iwe ya kawaida tu, na ichelewe kidogo. Mafundi walikuwa na majina ya uhusiano wa namna hii. Chombo kinachotoa saa walikiita bwana, na kinachoipokea walikiita mtumwa. Siku hizi wengi wameanza kuyaacha maneno hayo, na katika nchi yenye Bagamoyo na njia ya misafara ya Pangani hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Lakini maneno yakiachwa, swali halijaondoka: mbele ya watu wetu, Desemba, nani angekuwa na saa?

Vijana waliipenda njia ya kwanza. Ninawaelewa. Ndugu zao wanaotoka mijini wamezoea vitu visivyo na dosari, na kijana wa kijijini huona uchungu mtu akitabasamu kwa huruma mbele ya kazi yake. Ikajaribiwa. Meku alipiga akiwa na spika masikioni, naye hakukosea hata pigo moja. Walipomaliza, mama mmoja miongoni mwa wachezaji alisema, "Leo ngoma haituoni." Hakuwa ameambiwa chochote kuhusu saa. Mguu wake ndio uliomwambia. Meku alivivua vile vitu masikioni akavishika kiganjani kama mtu aliyeokota funguo za jirani. "Mwalimu," akaniambia, "nimepiga na mtu asiyekuwepo. Hawa waliokuwepo sikuwa nao."

Ikachukuliwa njia ya pili, nayo ikaleta matata yake. Kinanda kina tundu la waya. Ngoma ya mti na ngozi haina. Siku ya kwanza ukuta ulijaa ndege na migomba kwa kila ufunguo wa kinanda, na Meku alipopiga, hakuna jani lililotikisika. Watoto waliokaa mbele waliutazama ukuta tu, na mmoja akauliza kwa sauti kwa nini leo babu hapigi. Babu alikuwa anapiga. Jasho lilikuwa linamtoka. Lakini macho yana ubabe juu ya masikio, na asiyeonekana ukutani alikwisha kuwa kimya.

Kijana akatafuta dawa. Akabandika kwenye ngozi ya ngoma kidude kidogo kinachohisi mtikisiko na kukigeuza kuwa namba za MIDI. Mafundi wetu wa Moshi mjini hukiita kitu cha namna hiyo sensa, sawasawa na ile ya kuhesabu watu, na sikumbuki neno la kukopa lililokaa vizuri zaidi ya hilo. Sensa ya mwaka 2022 ilipata Watanzania milioni 61.7. Mimi nimo, na nimehesabiwa sawa, sina malalamiko. Ila sidhani karani alipoondoka nyumbani kwangu alikuwa amenijua. Ndivyo ilivyokuwa kwa ngoma. Meku hupiga kwa kiganja, kwa vidole, kwa ukingo wa mkono. Hukandamiza ngozi kwa kisigino cha mkono ili mlio upande. Mara nyingine hukwaruza tu, na mkwaruzo huo ndio unaowafanya kina mama waguse ardhi kwa ncha ya wayo. Sensa ilisoma yote hayo kama pigo moja lenye nguvu kubwa au ndogo. Mkwaruzo haikuusoma kabisa.

Sasa angalia lililotokea, kwa maana hapa ndipo penye hatari. Katika mazoezi mawili Meku alianza kupiga kwa namna nyingine. Aliacha mikwaruzo. Akawa anapiga kwa nguvu, wazi, katikati ya ngozi, kwa sababu pigo hilo ndilo lililotikisa migomba ukutani na kuwafurahisha watoto. Hakuna aliyemwagiza. Chombo cha kupimia kilikaa kimya kwenye ngozi, na mkono wa mzee wa miaka sabini na kitu ukaanza kukiegemea. Wenzangu katika ualimu watalitambua jambo hili mara moja. Mwaka 2012 majibu ya mtihani wa darasa la saba yalianza kusahihishwa kwa mashine, mtoto akichagua jibu na kujaza kiduara kwa penseli. Na si jambo la siri kwamba mwalimu anayejua kitakachosomwa na mashine hushawishika kufundisha kinachosomwa na mashine. Mtoto anayekwaruza wazo pembezoni mwa karatasi hana kiduara chake.

Mtu ataniambia kwamba dawa ni kupima kwa uangalifu zaidi. Kweli, mwaka 2020 lilitangazwa toleo la pili la MIDI, ambalo ngazi za nguvu ya pigo zimeongezwa kutoka 128 hadi 65,536. Ni hatua nzuri. Vilevile inawezekana kwa ufundi kuzipinda noti zikae katikati ya funguo, jambo ambalo muziki wa Wagogo, ambao Hukwe Zawose aliupeleka mbali duniani kabla hajafariki mwaka 2003, ungelidai tangu siku ya kwanza, maana ngazi yake ya sauti haikupimwa kwa funguo za kinanda. Lakini ngazi 65,536 za nguvu bado ni ngazi za nguvu. Mkwaruzo si nguvu ndogo. Ni kitu kingine.

Nisije nikaonekana mzee anayechukia umeme, niseme na upande wa pili, tena ni mzito. Yuko binti mdogo katika usharika wetu ambaye hasikii. Husoma shule ya bweni na hurudi wakati wa likizo. Miaka yote ameketi kanisani akitazama midomo ya watu ikifunguka na kufumba. Kijana aliipa kila sauti ya kinanda, yaani soprano, alto, tena na besi, rangi yake na ndege wake, na kwa mara ya kwanza binti huyo aliona besi wakibaki chini wakati soprano wanapanda. Aliona sauti moja ikiingia na nyingine ikiingoja. Alimshika mama yake mkono akaonyesha ukutani, akaeleza kwa lugha ya alama kitu kirefu ambacho mama alikitafsiri kwa maneno mawili: "Kumbe wanapokezana." Ni miaka mingapi sisi wenye masikio hatukuwahi kumwambia kwamba tunapokezana? Waya wa pini tano ulimwambia.

Nilimwangalia zaidi. Kwa sauti za kwaya aliutazama ukuta. Lakini ilipofika ngoma, akitaka kupiga makofi na watu wengine, aliuacha ukuta akamtazama Meku. Nadhani najua sababu. Ukuta ulimpa habari pigo likiwa limekwisha pita, wakati mkono wa Meku unaoinuka ulimpa habari za pigo linalokuja. Hakuna aliyemfundisha hilo. Makofi yake yalitua pamoja na ya kanisa zima.

Jambo hili limenirudisha sana katika madarasa ya vitendo, nilipokuwa nikikaa nyuma ya chumba na kuwatazama walimu wanafunzi wakifundisha. Lilikuwepo darasa ambalo mwalimu akisema jambo, watoto hamsini huitika kwa sauti moja, bila hata mmoja kuchelewa. Mkaguzi akipita dirishani huondoka ameridhika. Na lilikuwepo darasa ambalo mwalimu aliposimama katikati ya sentensi, chaki ikiwa hewani, mtoto mmoja alimalizia, mara nyingine kwa usahihi, mara nyingine kwa upuuzi wa kuchekesha. Darasa la kwanza lilikuwa likimfuata mwalimu. La pili lilikuwa limetembea naye kiasi cha kuweza kumtangulia. Kwa daftari la alama ilikuwa vigumu kuyatofautisha, tena la pili lilikuwa na kelele.

Katika kamati nilisema njia ya pili ibaki, ukuta uwepo, ila sensa iondolewe kwenye ngoma. Kinanda kirushe ndege wake kwa ajili ya binti yule na kwa ajili ya watoto, na Meku asimame kando, mwangani, watu wamwone kwa macho. Kijana alisikitika, kwa kuwa alikuwa amekesha akikitengeneza kidude kile, nami sikumwambia kwamba kazi yake ilikuwa bure, maana haikuwa. Wajumbe wawili hawakukubaliana nami hata kidogo. Walisema ngoma ikikosa picha yake watoto wataacha kuijali, na miaka michache ijayo haitakuwepo wala ukutani wala kando. Hoja yao bado sijaipatia jibu la kunitosheleza.

Katika mazoezi ya mwisho Meku alifanya utundu. Katikati ya wimbo, kina mama wakiwa wameinua mguu wa kulia, mkono wake ulipanda na haukushuka. Kinanda kikanyamaza kikimngoja. Miguu yote ikabaki hewani. Watu wazima wenye wajukuu wamesimama kwa mguu mmoja, wanacheka bila sauti, wanautazama ule mkono. Ukutani migomba ilisimama vilevile. Mtu aliyeingia wakati huo asingeona tofauti kati ya ukuta na wachezaji, wote hawasogei. Lakini migomba haikuwa inangoja kitu. Kisha pigo likaja, miguu ikashuka nalo, na kanisa likapiga vigelegele.

Siku hizi kijana hupanda kwa Meku Jumamosi jioni kujifunza ngoma. Amekwisha zoea kiganja na vidole. Mkwaruzo bado unamshinda. Meku humkataza kuhesabu kwa sauti. Humketisha kwenye kigoda mlangoni pa kihamba, wakati kina mama wanaporudi na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, akamwambia apige kwa hatua zao. Wengine humkemea kijana kwamba anawachezea. Wengine huongeza mwendo kidogo, makusudi, waone kama atawapata.